Mama Wawili, Mtumbwi Mmoja

2 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua utaifungua barua hii ukiwa umesimama, pini mdomoni, na mteja amesimama mbele yako anasubiri avuliwe gauni. Keti kwanza. Mteja hawezi kukimbia na pini zako.

Ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Nikipiga unanijibu "mm" na "mm-hm", na mimi huku sijui kama umekubali au umejichoma.

Nina mpango. Mwezi ujao, kabla mvua hazijaanza, nataka twende matembezi kwa mtumbwi. Usishtuke. Si mto mkubwa, ni kijito tu kinachopita nyuma ya mji huu wa kwetu. Maji yanamfika mtu kiunoni, mchanga unauona chini, na mkondo wake ni wa pole kiasi kwamba jani likidondoka unaweza kulifuata kwa miguu ukingoni huku unamenya chungwa. Kuna matete pande zote mbili, na ndege mdiria wanaojirusha majini kuvua samaki. Mahali fulani miti ya upande huu imekutana na ya upande ule, unapita chini yake kwenye kivuli kitupu. Tutaanzia kwenye daraja la mbao na kuteremka na maji mpaka kwenye kinu cha zamani cha kusagia nafaka. Pale mwenye mitumbwi atatufuata na pikapu yake. Kupiga kasia ni kazi ndogo, maji yenyewe yanakubeba.

Mama mkwe anakijua kijito hicho kama anavyolijua jiko lake. Si unakumbuka alikuwa mwalimu wa michezo kabla hajastaafu? Kila mwaka aliwapeleka wanafunzi huko. Ameshazungumza na mwenye mitumbwi, ameikataa mitumbwi miwili kwa kuwa inavuja, na amechagua wa tatu, mpana, usioyumba. Anasema mtu wa katikati hana kazi yoyote ila kutazama. Mimi amenifundisha kushika kasia. Jumapili iliyopita tulikwenda wawili kukagua njia, tukarudi tumelowa na kucheka mpaka mbavu zikauma.

Kwa hiyo tutakuwa watatu, wewe na mimi na yeye. Mume wangu atakuwa safarini na lori lake kama kawaida. Njoo, mama. Tangu nilipoolewa nikahamia huku umekuja mara moja tu, na mara ile hatukuwa na la kucheka. Nataka nikae na wewe mahali pasipo na cherehani wala mteja.

Kitindamimba wako

*

7 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua nikiwa nimeketi, kama ulivyoamuru. Siku hizi naamriwa kutoka mbali.

Nimefurahi kusikia kwamba uko salama. Nimefurahi zaidi kusikia kwamba mlicheka mpaka mbavu zikauma. Mbavu zangu mimi hazina neno, hakuna anayezisumbua.

Mama mkwe anakijua kijito. Mama mkwe amechagua mtumbwi. Mama mkwe anasema mtu wa katikati atazame. Nilifika katikati ya ukurasa nikageuza bahasha kuangalia kama nimepewa barua ya mtu mwingine. Kijito chenyewe hukukitaja kama ulivyomtaja yeye.

Hivi unakumbuka ni nani aliyekuahidi safari ya majini? Ulikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka, ukaona picha ya mtumbwi kwenye kalenda pale ukutani kwangu. Nikakwambia tukipata nafasi tutakwenda. Nafasi haikupatikana. Nilikuwa nashona sare za watoto wa watu ili na wewe uwe na yako. Sasa nafasi imepatikana, na aliyeipata ni Bi Filimbi.

Usinielewe vibaya. Sina wivu. Mtu mzima kama mimi nimwonee wivu mwanamke mwenye raba miguuni na filimbi shingoni? Nina kazi zangu. Kuna bibi harusi hapa anabadilisha mkono wa gauni kila akiota ndoto.

Nitakuja. Lakini siji mikono mitupu nikakae katikati kutazama kama furushi. Mwenzangu katoa mtumbwi, mimi nitatoa nguo. Nitakushonea suruali pana na blauzi nyepesi ya mikono mirefu, maana jua la majini linaunguza kutoka juu na kutoka chini. Nitumie vipimo vipya. Vile nilivyo navyo ni vya harusi, na siku zile ulikuwa umekonda kwa mawazo. Navitaka vyote, mabega, kifua, chini ya kifua, kiuno, nyonga na mkono. Usikadirie. Mtu anayekadiria huvaa gunia.

Mama yako aliyekuzaa

*

13 Februari

Mama,

Shikamoo. Nimecheka, halafu nikaona haya kwamba nimecheka. Filimbi hana siku hizi, aliiacha shuleni. Raba anazo, kwa hilo siwezi kumtetea.

Vipimo viko kwenye karatasi ndogo humu ndani. Kwa kweli nilitaka utumie vya zamani uongeze kidogo tu, lakini nakujua, ungenirudishia barua. Amenipima mama mkwe sebuleni. Hajawahi kushika tepu ya fundi maisha yake yote. Alinizungushia mara ya kwanza ikaanguka, mara ya pili akaisoma kichwa chini miguu juu, nikamwelekeza mpaka akapatia. Namba ameziandika yeye mwenyewe, utaona zilivyonyooka kama mstari wa wanafunzi.

Naomba usinishonee ya kubana. Suruali itie mpira kiunoni. Huku joto ni kali na nguo ya kubana inanichosha. Kule kazini, duka la dawa, pia nimeomba kiti. Siku hizi nawapa wagonjwa dawa zao nikiwa nimekaa, na hakuna aliyelalamika.

Chakula tutachukua mikate, mayai ya kuchemsha na machungwa, tusimame kula pale kwenye kivuli. Maboya ya kuvaa yapo ya kutosha. Mama mkwe ameuliza kama unajua kuogelea. Nilifungua mdomo kumjibu nikaona kumbe sijui. Ajabu, mtu kuwa na mama miaka yote hiyo asijue jambo kama hilo. Niambie.

Kitindamimba wako

*

17 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Vipimo nimevipata. Nguo nitashona. Mpira nitatia.

Kuogelea sijui. Sasa na wewe unajua.

Nisalimie wote hapo nyumbani, hasa aliyekupima.

Mama yako wa zamani

*

17 Februari

Mkwe mwenzangu,

Salamu. Hatujawahi kuandikiana, na pengine ilikuwa heri. Barua hii nimempa kondakta wa basi aikabidhi mkononi mwako, si kwa mwingine.

Mimi ni fundi. Nimeshika tepu tangu kabla mwanangu hajazaliwa, na mwili wa mtu nausoma kwenye karatasi kama wengine wanavyosoma gazeti. Namba ulizoniandikia kwa mwandiko wako mzuri wa kialimu nimezilinganisha na za harusi. Mabega yale yale. Mkono ule ule. Lakini kifua kimepanda, chini ya kifua kumepanda, na kiuno kimesahau kilipokuwa. Mtu akinenepa kwa kula, mikono nayo hunenepa. Mwanangu ni mjamzito, na si wa juzi.

Hongera. Wewe umeambiwa, ukashika tepu, ukampima tumbo. Umemchukua mtoni mkacheka mpaka mbavu zikauma. Mimi mama yake nimeambiwa nitie mpira kiunoni.

Mwaka jana ile mimba ya kwanza ilipoharibika, niliacha gauni la mteja likiwa na mkono mmoja, nikapanda basi, nikalala sakafuni kando ya kitanda chake humo ndani mwako. Ulikuwapo, sikatai. Ulikuwa unaleta chai na kutoka. Mimi ndiye niliyemshika alipolia. Nilidhani kulia naye kule kumenipa haki ya kuwa wa kwanza kusikia siku atakapofurahi. Kumbe mimi ni wa kuitwa kwenye vilio tu, vicheko vina wenyewe.

Sitaki ugomvi na mtu. Nataka kitu kimoja. Safari hiyo ya mtumbwi, jitoe. Mwambie una homa, mwambie mgongo unauma, utajua mwenyewe. Wewe unaye asubuhi na jioni. Unamsikia akikohoa. Mimi naomba siku moja tu na mwanangu.

Mama yake mzazi

*

21 Februari

Mkwe mwenzangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea mlangoni, nikaisoma hapo hapo, ufagio mkononi. Nilipofika pale pa mabega na mikono niliketi kwenye ngazi.

Sikujua.

Nimeliandika neno hilo peke yake ulione vizuri. Sikuambiwa, na sikuhisi. Nilimpima mwanao kama nilivyokuwa napima uwanja wa kukimbilia, naandika namba basi. Nilidhani ni mikate. Nilimtania hivyo mezani mbele ya mume wake, wakatazamana wote wawili wakacheka, na mimi mjinga nikacheka nao.

Kwa hiyo nakushukuru. Nimeisubiri habari hiyo kwa hofu tangu mwaka jana, sithubutu kuuliza. Sasa nikuambie nililolifanya baadaye, kwa sababu litakufikia tu.

Furaha ilinipofusha. Maneno yako ya hasira yote niliyaruka kama vile hayakuandikwa. Nilidhani mmekubaliana, wewe na yeye, kwamba unipe habari wewe, mama kwa mama. Niliona umenipa heshima kubwa. Jioni aliporudi kutoka dukani nilimkumbatia hata mkoba hajautua, nikamwambia, "Mama yako ameniandikia. Najua yote, mwanangu, hongera."

Alinitazama kidogo, akaingia chumbani, akafunga mlango. Asubuhi alitoka macho yamevimba. Hapo ndipo nilipoirudia barua yako na kuisoma kama ulivyotaka isomwe.

Nimeumia, sitakuficha. Lakini naona wewe utaumia zaidi, na sijui la kukuambia. Kuhusu homa, nitaugua ukitaka.

Mama mkwe wa binti yako

*

22 Februari

Mama,

Shikamoo.

Mama mkwe amenionyesha barua yako. Nilikuwa sijamwambia mtu. Anajua mume wangu, anajua daktari. Basi. Mwaka jana tuliwaambia watu mapema, unakumbuka, halafu ikabidi niwaambie tena mmoja mmoja. Niliwaambia pale dukani, nikimpimia mtu dawa ya kikohozi huku yeye ananiuliza mtoto anaendeleaje tumboni. Nilichoka kupewa pole. Nikaapa kwamba safari hii nitanyamaza mpaka daktari aseme tumevuka kipindi cha hofu, na wa kwanza kuambiwa utakuwa wewe, uso kwa uso. Mama mkwe angefuata.

Daktari alisema tumevuka. Ndipo nikapanga mtumbwi. Unajua kwa nini mtumbwi? Kwa sababu kwako kuna wateja na kwa mama mkwe kuna mama mkwe. Nilitafuta mahali ambapo nitakuwa na wewe bila kumfukuza yeye, maana hajanikosea kitu. Anayeongoza hukaa nyuma kabisa. Yeye angekaa nyuma, mimi na wewe mbele, na ningekuambia pale kwenye kivuli.

Ile Jumapili iliyokukata maini sikwenda kustarehe. Nilikwenda kujaribu kama wa nyuma anasikia. Nilikaa mbele, nikasema polepole, "Mama, una mjukuu." Nikatega sikio. Nikasema tena, kwa sauti ya juu kidogo, "Mama, una mjukuu." Kutoka nyuma akaniuliza kama nimemwona mdiria. Hapo ndipo nilipocheka, nikashindwa kujizuia, na yeye akacheka kwa kuwa nacheka mimi, mpaka mtumbwi ukaingiza maji. Hakujua anacheka nini. Nilikuwa nimefurahi, mama. Niliona mpango wangu umekubali.

Na wewe ulikuwa wa kwanza. Kabla sijafungua mdomo ulikuwa umeshajua, kutoka kwenye kijikaratasi, jambo ambalo hakuna mtu mwingine angeweza. Ungeniandikia mstari mmoja, "Mwanangu, nimeona." Ningelia kwa furaha nikiwa dukani mbele za watu. Badala yake uliandika kurasa mbili kumpelekea yule yule uliyeogopa asikutangulie, ukamwambia wewe mwenyewe, kwa mkono wako.

Safari nimeifuta. Mwenye mitumbwi nimeshamwambia. Nguo usitume.

Mwanao

*

26 Februari

Mwanangu,

Sijui nianzie wapi. Nimekaa mbele ya cherehani tangu asubuhi bila kuikanyaga. Bibi harusi amekuja akauliza kama imeharibika. Nikamwambia ndiyo, imeharibika, aje wiki ijayo.

Nilikuandikia kwamba sina wivu. Ninao. Ninao mpaka nauonea wivu mlango wa nyumba ile kwa kuwa unakuona ukitoka kwenda kazini. Ulipoolewa watu walinipongeza kwamba umepata mama mkwe mwema, hana makelele, hana masimango. Niliitikia kwa mdomo. Moyoni nilikuwa naomba awe na kasoro kidogo, angalau awe mbaya wa kupika, ili ukila kwake unikumbuke. Kila ukinisimulia wema wake nilikuwa naona ni kiti changu kinasogezwa ukutani.

Nilipoziona zile namba, kabla hasira haijaja, nilicheka peke yangu humu kwenye chumba cha kazi. Nataka ulijue hilo. Nilicheka na nikasema, "Haya, mjukuu ameingia." Ilikuwa dakika moja nzuri kuliko zote za mwaka huu. Halafu nikauona mwandiko wa mwenzangu kwenye karatasi, na dakika yangu ikaishia hapo. Sikujiuliza hata mara moja kama naye anajua. Niliona amekugusa tumbo na tepu, nikaona imetosha.

Nilitaka kuwa wa kwanza. Nilikuwa wa kwanza, nikaitoa nafasi hiyo nikampa kondakta wa basi. Hata adui yangu asingenifanyia kazi safi namna hiyo.

Siombi urudishe safari. Naomba unipigie simu, saa yoyote. Nitaacha kila kitu mezani na nitakujibu kwa maneno kamili. Kama hutaki kuongea, basi nisikie tu unavyohema. Na uendelee kukaa kwenye hicho kiti dukani, usimwachie mtu.

Mama

*

10 Machi

Mkwe mwenzangu,

Salamu nyingi. Najua amekupigia, na najua amekupigia tena baada ya pale. Mara ya pili nilimsikia akicheka. Nilitoka nikaenda kumwagilia maua yaliyokwisha kumwagiliwa, ili nisisikilize. Nilitamani kusikiliza.

Wewe umetoa la moyoni, acha na mimi nitoe langu, tuwe sawa. Unadhani huyu ni wangu asubuhi na jioni. Njoo uone. Nikitandika kitanda, anasema mama yake hutandika vingine. Nikinunua kitambaa, anakisugua kwa vidole viwili na kusema mama yake angekikataa. Nilishona pazia la sebuleni mwenyewe, kwa mkono, nikajisifu. Aliligeuza, akautazama uzi kwa nyuma, akanyamaza kwa adabu. Kunyamaza kule nilikuchukia wiki nzima, na wewe nikakuchukia pamoja nako, hata sijawahi kukaa na wewe saa moja tukazungumza.

Mimi nimezaa mtoto wa kiume mmoja, dereva wa lori, anakuja kula na kulala. Binti sikujaliwa. Alipoletwa huyu nilitafuta kitu cha kumfundisha, nikakuta umeshamfundisha kila kitu. Kasia ndilo pekee ulilokuwa umeniachia. Ndiyo maana nililishikilia vile.

Sasa habari yenyewe. Nimemrudisha kwa mwenye mitumbwi. Alikataa, nikamwomba, akakataa, nikanyamaza kwa adabu kama yeye. Amekubali. Ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, na mtumbwi ni ule ule mpana. Daktari ameulizwa na ameruhusu, mradi asichoke. Mtakwenda wawili, wewe na yeye. Mimi nitabaki, nimemwambia nina kazi za nyumbani. Si homa, kwa hiyo hukunilazimisha uongo. Anaweza kukaa nyuma kuongoza mwenyewe, mkono wake umeshakubali kasia. Au kama unaona ni kazi kwake, mwenye mitumbwi atawapa mtu wa kupiga kasia. Ni mwaminifu, ila anaongea kutoka darajani mpaka kinuni bila kuvuta pumzi.

Uliomba siku moja. Nimeona ni haki yako.

Bi Filimbi (nimeambiwa)

*

15 Machi

Mkwe mwenzangu,

Umenipa nilichokiomba, na tangu nilipokipata sina raha.

Nimejaribu kuipiga picha hiyo Jumamosi kichwani. Nimejiona mimi katikati, nimekamata ukingo kwa mikono miwili, sijui kuogelea, na nyuma yangu mtoto mwenye mimba anasukuma maji kwa ajili yangu. Nikaifuta. Nikamweka yule msemaji nyuma, nikamsikia akituhadithia maisha ya mwenye mitumbwi wakati nataka kumuuliza mwanangu kama usiku analala vizuri. Nikaifuta na hiyo. Halafu nikakuona wewe jioni, umetuwekea chai, unatuuliza ilikuwaje, na sisi tunakusimulia nusu. Hapo nikainuka nikaenda kunywa maji.

Jambo lenyewe alilotaka kuniambia kule kwenye kivuli halipo tena. Nililimaliza mimi. Tukienda wawili tutabaki tunatazamana, kila mmoja anajua kwa nini mtumbwi una nafasi.

Kwa hiyo nimempigia mwanetu. Neno hilo ndiyo mara yangu ya kwanza kuliandika, na nililifuta kabla sijaliandika tena. Nimemwambia siji kama huji. Akaniuliza kama nina homa. Nikamwambia sina. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia sina hakika, lakini nimeshasema, na aende akalale.

Njoo. Kaa nyuma, ongoza, wewe ndiye unayejua. Mbele atakaa yeye. Mimi nitakaa hapo katikati yenu, na mtu yeyote asiniambie nitazame, nitatazama nikitaka.

Ila nikuonye mapema, maana umenipa ukweli na sitaki kukulipa uongo. Wivu haujaniisha. Nilidhani barua yako imeutibu, lakini jana tu, kwenye simu, aliniambia umempaka mafuta miguu, na uso wangu uliwaka moto kama pasi. Mkianza kuongea mambo yenu ya makasia, nitanuna. Mkicheka kabla sijajua mnacheka nini, nitanuna. Najijua, nimeishi na mimi miaka mingi. Msinibembeleze, wala msigeuze mtumbwi kwa ajili yangu. Niacheni ninune mpaka kinuni. Sijawahi kusikia mtumbwi uliozama kwa sababu mtu mmoja amenuna.

Mama mwenzako